Nusu Saa ya Adelaide

Mama mkwe wangu aliishi nyumbani kwangu Tumba, nje kidogo ya Stockholm, miaka mitatu bila kunisemesha. Asije mtu akadhani tuligombana. Ndiyo heshima ya kwao, milimani juu ya Uvira: mama hamtazami mkwewe wa kiume usoni, hampi mkono, hali naye meza moja, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mtu mwingine. Kijijini desturi hiyo ina nafasi yake, maana kuna nyumba yako, kuna nyumba yake, na kiwanja katikati. Sasa ilete kwenye fleti ya ghorofa ya nne, choo kimoja, na korido ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Mimi nikitaka kutoka bafuni nilikohoa kwanza, ili ajue natoka, arudi chumbani kwake. Yeye akitaka kwenda jikoni alikokota kandambili kwa makusudi ili nimsikie. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa kukohoa na kukokota kandambili.

Maneno yake yalinifikia kupitia kwa mke wangu. "Mwambie mume wako chai iko tayari," na mimi nimekaa pale pale, masikio ninayo. Mke wangu asipokuwepo, kazi hiyo walipewa watoto, nao walimjibu kwa Kiswidi kwamba baba ameshasikia, jambo lililomkera kupita kiasi. Siku moja hakukuwa na mtu kabisa. Mke wangu yuko kazini, watoto shule, mimi nimelala kwenye kochi na mafua yangu. Nikamsikia anaiambia televisheni: "Huyu mtu akinywa tangawizi ya moto atapona." Nikainuka nikachemsha tangawizi. Nikasema "asante" huku nimeitazama hiyo hiyo televisheni.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu. Nilikuja Sweden kijana kujifunza ufundi, nikabaki, na kazi yangu ni kutengeneza lifti. Mke wangu ni Mkongo, na kwao wote ni watu wa kanisa, wale wa kuomba kwa sauti mpaka jirani wa chini anagonga bomba. Ndoa yetu ilishasemwa sana na pande zote mbili na sina hamu ya kuirudia hapa. Vita viliwatawanya. Mke wangu na kaka yake mkubwa walifika Stockholm. Huyo kaka anakaa Jakobsberg na ni dereva wa basi. Dada yao mdogo alikaa kambini Kigoma miaka mingi, halafu yeye na mumewe wakapelekwa Australia, mji wa Adelaide. Kitinda mimba alibaki Uvira. Mama yao alitufikia wa mwisho, akiwa na mfuko mmoja na goti bovu.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya simu. Tulinunua zile kadi za kukwangua, tukaziweka mezani, shemeji akaja kutoka Jakobsberg na suti yake ya kanisani, na watoto wa mama yule wakapigiwa mmoja mmoja. Mama alikuwa na tabia yake. Kabla ya kuuliza hali, kabla ya kuuliza wajukuu, aliuliza: "Huko ni saa ngapi?" Alitaka amwone mtoto wake akilini. Akijua huko ni usiku, anajua taa zimewashwa, wamekula, mlango umefungwa. Asipojibiwa saa, haendelei na mazungumzo.

Na Adelaide kila Jumapili ilijibu vibaya. Huku saa ikiwa kamili, kule ni na nusu. Huku ikiwa na nusu, kule ni kamili.

Shemeji yangu yule dereva hakuweza kuvumilia. Mtu huyu maisha yake ni dakika. Basi lake likichelewa dakika mbili kituoni, chakula cha jioni hakishuki. Alinyakua simu akamwambia mdogo wake: "Dunia imegawanywa vipande ishirini na vinne, kila kipande ni saa nzima. Mapadri walitufundisha. Hiyo nusu umeitoa wapi? Saa yako imekufa, nunua nyingine!" Dada akacheka, akasema sawa kaka. Kwao kaka mkubwa habishiwi, hata akisema mvua inatoka chini kwenda juu. Ikawa ndiyo utani wa ukoo. Mtu akichelewa kanisani wanasema, "Mwacheni, huyo yuko Adelaide."

Mimi nilijua. Pale karakana nilikuwa na mwenzangu Muirani, na kila akitaka kumpigia mama yake Tehran alikuwa ananiambia, "Ongeza mbili na nusu." Tulikuwa pia na kijana Mwafghani ambaye kwao wana nusu yao vile vile. Wahindi nao wana nusu, Wasri Lanka nao, Waburma nao. Mama mmoja aliyetusafishia ofisi, mtu wa Venezuela, alituambia serikali ya kwao iliamka siku moja ikarudisha saa zote nyuma nusu saa, na mama yake mzazi akakataa katakata, akaiacha saa ya jikoni ilivyokuwa. Hata marehemu baba alipata kunieleza kwamba zamani za Mwingereza saa za upande wetu zilikuwa na vipande vipande, si kamili kama leo. Mambo haya yalinifurahisha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu na mimi katika ukoo ule sikuwahi kuhesabiwa kuwa mzima.

Sikukuu moja ya Krismasi nilimwambia shemeji, taratibu, kwamba nusu saa zipo duniani, hata Iran. Akanipiga bega. "Shemeji, Iran ni Iran. Australia walikwenda Waingereza, watu wa saa." Nikaona nisibishane, pilau ilikuwa inapoa.

Sasa, moyo wa mama ukaanza kuchoka. Kutoka stesheni ya Tumba hadi kwetu kuna kamlima kadogo tu, na yeye alikuwa anasimama mara tatu, nne, anajifanya anaangalia maua ya watu. Januari hakuna maua. Mke wangu akampeleka kwa daktari, daktari akampeleka kwa daktari mwenzake, na mwisho tukaambiwa kuna mlango ndani ya moyo haufungi vizuri. Watampasua, wataweka mwingine. Mkalimani alikuwa mtu wa Burundi, kijana mpole, akaeleza yote kwa utaratibu: utalala, hutasikia kitu, watausimamisha moyo kwa muda na mashine itafanya kazi yake, halafu watauwasha tena.

"Watausimamisha?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Kwa muda tu."

Akachukua mkoba wake. "Twendeni nyumbani."

Tulidhani anaogopa kisu. Wiki nzima mke wangu alimbembeleza, akamwonyesha wazee wa kanisani waliopasuliwa na sasa wanacheza kwaya. Haikusaidia. Ndipo jioni moja, mimi niko jikoni nao wako sebuleni, nikasikia sababu yenyewe. Siku walipokuwa wanakimbia vita, mumewe alizidiwa njiani. Walimlaza kando ya barabara, kichwa juu ya furushi la nguo. Mama alikwenda mtoni kumtafutia maji, si mbali. Aliporudi ameshakufa. "Alikufa hana mtu," mama akasema. "Hana hata wa kumshika kidole. Mtu akiwa pale mpakani pa uhai na mauti ni lazima ashikwe. Nami mnataka mkanisimamishe moyo pale pale mpakani, halafu nani atanishika? Wale wenye barakoa wananijua mimi?"

Niliacha kuosha vyombo. Sikuwa najua habari ile, na miaka yote ile nilikuwa nikicheka kandambili zake.

Mama akatoa sharti. Atakubali kupasuliwa, lakini kuanzia anapolala mpaka anapotolewa, lazima mtoto wake mmoja awe katika maombi. Wapokezane. Isipite dakika hata moja mikono yote ikiwa mitupu. "Mkiacha mwanya," alisema, "nitaponyokea hapo hapo."

Kanisani kwao jambo hilo wanalijua, wanaliita mnyororo. Anaomba huyu, akimaliza anashika yule, hata kama yule yuko nchi nyingine. Shemeji akalichukua kwa mikono miwili. Kupanga zamu ndiyo kazi yake. Uvira ataanza alfajiri. Mke wangu atapokea. Saa sita mchana ataachia, na Adelaide atashika mpaka saa saba. Kuanzia saa saba ni yeye mwenyewe shemeji. Akampigia kila mmoja akampa saa yake. Mama aliposikia mnyororo umekamilika akasema haya, mwambieni daktari niko tayari.

"Na mimi zamu yangu ni ipi?" nikamuuliza mke wangu.

Akainamisha kichwa. "Kaka anasema... kwa sababu nyinyi mnaomba kwa namna yenu... tusichanganye."

"Tusichanganye nini? Saruji?"

"Usikasirike, baba watoto."

Nilikasirika! Kwa nini nidanganye? Miaka mitatu nakohoa kwenye korido yangu mwenyewe, halafu siku ya shida mimi ni wa kuendesha gari. Nilimwambia haya, teksi yenu itakuwa mlangoni. Nikaenda kulala na kisirani changu. Na kwa vile sikushirikishwa, hesabu ile ya zamu sikuiona wala sikuisikia.

Siku yenyewe niliwapeleka hospitali kabla jua halijatoka, theluji inaanguka kiasi. Mama alikaa nyuma amejifunika kitenge juu ya koti. Tulipofika, wakati wanamsaidia kushuka, akamwambia mke wangu: "Mwambie mume wako ameendesha vizuri." Mke wangu akanigeukia aniambie. Nikamwambia nimesikia. Nikamshika mkono tukaingia.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya kijani na mtungi wa kahawa. Mke wangu aliomba zamu yake akiwa amefumba macho, sauti chini kwa sababu ya Waswidi, lakini mguu wake mmoja unapiga sakafu muda wote. Shemeji alisimama dirishani na simu mkononi. Ilipogonga saa sita kamili akasema, "Tayari. Sasa yuko kwa dada." Mke wangu akafumbua macho, akashusha pumzi ndefu. Wakafungua mfuko wa mikate ya mdalasini wakaanza kula. Walikuwa wametulia kabisa, mnyororo uko kwenye mikono ya mwenzao.

Mimi mkate ule haukupita. Kila mlango ukifunguliwa nilisimama. Nilikaa nikavumilia, nikaona nitawaharibia utulivu wao, nikamuuliza nesi kama kuna mahali pa kuswali. Akanionyesha chumba cha utulivu mwisho wa korido: mshumaa wa umeme, viti viwili, kabati lenye mikeka, na mshale mdogo sakafuni wa kuonyesha kibla. Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu.

Anayeswali Stockholm ananielewa. Januari jua linachungulia kidogo tu kisha linajirudia zake, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri zinafuatana kama kumbikumbi. Ukimaliza hii, ile imeshabisha hodi. Niliswali Adhuhuri, nikajisemea, kwenda kukaa kule kwenye viti vya kijani nirudi tena baada ya nusu saa kuna maana gani? Ngoja ningojee Alasiri hapa hapa. Nikabaki juu ya mkeka, peke yangu, na katika kungojea kule nikaanza kusema na Mungu. Kwa lugha ya nyumbani, na bila adabu ya kutosha. Nilichomwambia nitakifikia. Alasiri ilipoingia, saa saba na dakika chache, nikaiswali, nikarudi.

Baadaye mchana daktari akatoka, mwanamke mrefu, barakoa imening'inia shingoni. Sote watatu tukasimama kwa pamoja.

"Imekwenda vizuri," akasema.

Ee bwana! Sijui nielezeje. Shemeji alinikumbatia mimi kabla ya dada yake, akaninyanyua, mtu mzima na viatu vyangu vya theluji. Mke wangu alikaa chini sakafuni akacheka huku analia. Mimi nililia mpaka kamasi, mbele ya daktari, wala sikuona haya. Daktari akaendelea kueleza: moyo waliuwasha tena mnamo wakati wa chakula cha mchana, ulisita kidogo, uliwapa wasiwasi, kisha ukaanza wenyewe. Wakati ule hakuna aliyejali kusita. Tuliona tu kwamba unapiga.

Ningeishia hapa, lakini mama hakuwa mtu wa kuishia hapo.

Siku kadhaa baadaye alikuwa ameshaketi kitandani, amekumbatia mto kifuani. Wenye kidonda kile hupewa mto waubane wakitaka kukohoa au kucheka, wasiumie. Asubuhi ile madaktari walikuwa wamemwambia mapigo ni ya polepole mno, itabidi wamrudishe chumba kile kwa kazi ndogo, wamwekee kifaa chini ya ngozi cha kuusukuma moyo. Kesho kutwa. Akasema sawa. Tulikuwa wote pale: mke wangu kando ya kitanda, shemeji kwenye kiti, mimi mlangoni nimegeuka nusu, kama inavyopasa. Wakapiga Adelaide, wakaweka sauti ya juu.

"Huko ni saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa nne na nusu usiku, mama. Pole na maumivu."

Shemeji akacheka. "Hajanunua saa bado huyu!"

Mama hakucheka. Mbele ya kitanda chake kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, na alikuwa ameitazama siku zote zile kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Ilikuwa saa saba kamili.

"Siku ile ulinishika saa ngapi?"

"Kama kaka alivyoniambia, mama. Saa tatu kamili mpaka saa nne kamili. Sikupunguza hata dakika."

"Chungulia saa nyingine hapo ndani."

"Mama, saa yangu haijaharibika. Huku kila mtu yuko hivyo. Televisheni, shule, kazini. Tangu tulipofika tuko na nusu. Kaka alikuwa anataka niseme kamili, nami sikutaka kumbishia."

Mama akaanza kuhesabu kwenye vidole vya mkono ulioshika mto, akaitazama saa, akahesabu tena. Ikiwa huku ni saa saba na kule ni saa nne na nusu, basi kule wakiwa saa nne kamili, huku ni saa sita na nusu. Hata mtoto angeiona. Binti yake alianza mapema, wakati dada yake bado anaomba, akamaliza mapema. Na shemeji alishika saa saba.

"Kwa hiyo kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba," mama akasema polepole, "nilikuwa sina mtu."

Shemeji akageuka, akaniuliza mimi kwa macho. Nikamwambia ndivyo ilivyo, shemeji, ni kama Iran. Nilidhani nitafurahi kumwambia, na sikufurahi. Mtu yule alijikunja kwenye kiti kama nguo iliyoanguka.

"Daktari alisema moyo ulisita lini?" mama akamuuliza mke wangu.

Mke wangu akashughulika na shuka.

"Lini?"

"Wakati... wa chakula cha mchana."

"Basi ni hapo." Akalaza kichwa. "Chumba kile sirudi. Kifaa chao wakae nacho. Nilikwenda nikarudi mara moja kwa bahati, mara ya pili siendi."

Ikawa vurugu. Shemeji anaomba radhi, amepiga magoti hasa, na sare yake ya basi. Dada analia kwenye simu mpaka sauti inakatika. Mke wangu anasema mama, wamesema bila kifaa unaweza kuzima wakati wowote, na mama amefumba macho, ametia ngumu. Nilikuwa nimeshashangilia, nimeshalia machozi ya furaha, halafu tunampoteza kwa nusu saa ya Australia?

Halafu mke wangu akanigeukia mimi kwa hasira, maana lazima mtu apate wa kumkasirikia. "Na wewe ulikuwa wapi muda ule? Nilikuwekea mkate, nikakutafuta, hukuonekana!"

"Nilikuwa chumba cha utulivu."

"Kuanzia saa ngapi?"

Mbele ya mkwe huanzi kujitapa na sala zako. Lakini mke wangu alikuwa ananikodolea macho.

"Saa sita na nusu. Nilitazama saa. Niliswali, kisha nikangojea Alasiri pale pale."

"Alasiri ni saa ngapi?" shemeji akauliza, bado yuko magotini.

"Majira haya, saa saba na kidogo."

Nikasikia magurudumu ya kigari cha chakula yanapita nje. Mama akafumbua macho, akayaelekeza kwa mke wangu, akaanza: "Mwulize mume wako..." Akaacha. Akajivuta juu kidogo, akaugeuza uso mzima, akanitazama mimi. Hakuwa amewahi. Macho yake yalikuwa na pete ya kijivu pembeni, na sikulijua hilo miaka yote.

"Mkwe," akasema. "Uliomba nini?"

Ningeweza kumtungia maneno mazuri. Ulimi ulikataa.

"Mama, sikuomba vizuri. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia Mungu, huyu mama kakaa kwangu miaka mitatu hajanisemesha, na mimi nimemstahi. Usimchukue kabla hajanisemesha. Nikamwambia, nikirudi nyumbani nikakohoa mlangoni pa bafu, na nisisikie kandambili, mimi nitafanyaje? Nikakwambia na wewe pia, mama. Nikakwambia usithubutu. Nikarudia hayo hayo, nikarudia, mpaka Alasiri."

Mabega yakaanza kumtikisika mama, nikashtuka nikadhani moyo. Alikuwa anacheka. Akaubana mto kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, "Ayii! Ayii, ananiua huyu, mtoeni!" Nesi akaja mbio. Mke wangu akacheka, dada akacheka kule Adelaide, shemeji akanishika miguu yangu pale pale chini, anacheka na kulia. Nikajiona mwepesi, kama nimetua gunia nililobeba tangu nilipooa.

Akakubali kurudi chumba kile. Kesho yake shemeji akaja na zamu mpya. Safari hii alikuwa amewapigia wote, amemuuliza kila mtu saa yake kama anavyomuuliza mtoto jina, na Adelaide amempa nusu yake kamili. Akasimama mbele ya kitanda akamsomea mama kila kitu, mtu na saa yake, tangu Uvira mpaka kwake mwenyewe. "Hakuna mwanya, mama. Hata sindano haipiti."

Mama alisikiliza amefumba macho, mto kifuani.

"Umeziba mahali pote?"

"Mahali pote, mama."

"Basi fungua," akasema. "Ile nusu saa ya mchana usimpe mtu. Ina mwenyewe."